Madoa ya Uzee: Je, Kuyatibu ni Kubadili Maumbile ya Mwenyezi Mungu?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora, akamtoa katika unyonge wa utotoni akamtia nguvu, kisha baada ya nguvu akamrejeza katika unyonge na mvi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad S.A.W., na jamaa zake na Sahaba zake wote.

Ama baad. Katika darsa letu la hapa Mokowe limeletwa suali ambalo mwenye kulitazama kwa juu huenda akaliona dogo. Suali lenyewe ni hili: mtu akifika umri wa miaka hamsini au sitini, akaona usoni mwake na katika migongo ya mikono yake yametoka madoa meusi au ya rangi ya kahawia, je, yafaa ayatibu mpaka yaondoke? Ama ni juu yake kuyaacha kama yalivyo, na akiyagusa huwa amebadili maumbile ya Mwenyezi Mungu?

Wenye kujibu wamekuwa makundi mawili. Kundi la kwanza limesema kwamba jambo hili ni haramu lote, na kwamba mwanamke mtu mzima anayeshughulika na uso wake amesahau kaburi lake. Kundi la pili limesema kwamba ngozi ni yangu na fedha ni zangu, basi nitapaka chochote kiuzwacho dukani au nitakacholetewa na jamaa zangu kutoka Arabuni. Kundi la kwanza limefunga mlango ambao Sharia imeuacha wazi, na kundi la pili limevunja ukuta ambao Sharia imeujenga. Na baina ya makundi mawili hayo wako watu wanaoumia: huyu anaharibu mafigo yake kwa dawa ya kopo lisilokuwa na jina la mtengenezaji, na yule anaacha jeraha la khatari likue mwilini mwake kwa kudhani kwamba ni alama ya uzee tu. Ndiyo maana tumeona yatupasa suali hili lijibiwe kwa urefu.

Wanazuoni wetu wa misingi ya fikihi wana kanuni kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Basi tuanze kwa kulifahamu.

Ngozi ya mwanadamu ina chembe hai ambazo kazi yake ni kutengeneza rangi iitwayo melanini. Rangi hii ni neema kubwa, kwani ni mwavuli aliouweka Muumba juu ya mwili ili kuukinga na miale ya jua, khasa ile isiyoonekana kwa macho ambayo wataalamu huiita miale ya urujuanimno. Jua likipiga, chembe zile huzidisha rangi ili kuukinga mwili. Mtu akiishi juani miaka thalathini au arubaini, baadhi ya mahali katika ngozi yake chembe zile huzidi, au rangi hukusanyika pahala pamoja isienee sawasawa. Hapo hutokea doa lililo bapa, lisilouma wala kuwasha, na aghalabu huwa pale palipopigwa na jua zaidi: usoni, mikononi, mabegani, na juu ya kipara kwa wanaume. Kwa hakika watu huyaita madoa ya uzee kwa kuwa huonekana uzeeni, lakini sababu yake kubwa ni jua lililokusanyika tangu ujana. Atakaye kuona ushahidi wa maneno haya na atazame ngozi ya mzee pale ambapo daima hufunikwa na nguo, kisha aitazame ngozi ya mikono yake. Umri wake ni mmoja, na ngozi mbili hizo hazifanani.

Madoa haya huwatoka zaidi watu wenye ngozi nyeupe. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, mambo mengine hutokea zaidi nayo hudhaniwa kuwa ni hayo hayo. Kuna vijipele vidogo vyeusi mashavuni na kando ya macho, mfano wa chembe za haba soda, ambavyo huzidi kwa umri, havina dhara, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Kuna mabaka mapana ya mashavuni na kwenye paji la uso ambayo huwapata wanawake zaidi, khasa wakati wa mimba au wanapotumia dawa za kupanga uzazi, na jua huyazidisha. Na kuna weusi unaobaki baada ya chunusi, kuungua au kujikuna. Kila kimoja kina sababu yake na tiba yake, na dawa inayofaa hiki yaweza kukidhuru kile.

Wala hakuna katika haya kimoja kinachotokana na kijicho cha jirani, au shetani aliyempita mtu usingizini, au damu chafu inayohitaji kuchanjwa. Anayempelekea mganga doa la jua ili alisomee na kulipaka masizi amepoteza mali yake, na pengine amepoteza na tauhidi yake.

Sasa tuingie katika hukumu. Wanaoharamisha wana dalili mbili ambazo yatupasa tuzisikilize kwa heshima. Ya kwanza ni aya ya 119 ya Sura An-Nisaa, ambamo Mwenyezi Mungu ametupa khabari ya Shetani alivyoapa kwamba atawaamrisha watu wabadili alichokiumba Mwenyezi Mungu. Ya pili ni Hadithi ya Ibn Masud, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake wamelaaniwa wanaochanja chale za rangi na wanaochanjwa, wanaong'oa nywele za uso, na wanaotenganisha meno yao kwa ajili ya uzuri, kwa kuwa wanabadili maumbile. Dalili hizi ni sahihi na nzito, na asiyezitetemekea moyo wake una maradhi.

Lakini dalili hazichukuliwi moja moja na kuachwa nyengine. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi na Nasai kwamba Sahaba mmoja, Arfaja bin Asad, alikatwa pua yake katika vita vya siku ya Kulab, zama za Ujahili. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamnukia vibaya, Mtume S.A.W. akamwamrisha atengeneze pua ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Hakuambiwa avumilie aibu ya uso wake. Na katika Sahihi Muslim imo khabari ya Abu Kuhafa, baba yake Sayyidna Abubakar, aliyeletwa mbele ya Mtume S.A.W. siku ya kutekwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, uliowafikiana na mwaka 630, na nywele zake na ndevu zake zi nyeupe kabisa. Mtume S.A.W. akaamrisha weupe ule ubadilishwe kwa rangi, na akataka weusi uepukwe. Basi mvi, ambazo ni alama ya uzee iliyo dhahiri kuliko doa lolote, zimeruhusiwa kutiwa rangi. Na hapo hapo katika Hadithi nyengine tumekatazwa kuzing'oa, kwa kuwa ni nuru ya Muislamu.

Mwenye kuzingatia ataona hekima katika amri mbili hizo. Kuutunza uzee kumeruhusiwa, na kuukana uzee kumechukiwa. Mzee aliyepaka hina ndevu zake bado ni mzee, na kila amuonaye ajua ya kuwa ni mzee, ila ni mzee nadhifu. Hakumhadaa mtu.

Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 1277, naye ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafii, alipoisherehesha Hadithi ya Ibn Masud alieleza kwamba lililokatazwa katika meno ni lile lifanywalo kwa kutafuta uzuri tu. Ama mwenye kulihitajia kwa matibabu au kwa aibu iliyomo katika jino, huyo hana lawama. Kutokana na maneno haya sisi twapata mizani. Doa la jua ni jambo lililozuka. Mtu hakuzaliwa nalo, wala si katika umbo la asili alilopewa. Mwenye kulitibu anairejesha ngozi katika hali yake, kama anayeuondoa ukoga menoni au mtoto wa jicho katika jicho. Ama mwenye kuichubua ngozi yake yote ili rangi aliyozaliwa nayo ibadilike na kuwa nyengine, huyo harejeshi kitu. Huyo amelikataa umbo la asili na kutaka jengine, na hilo ndilo lililo karibu mno na kiapo cha Shetani.

Huenda mtu akapinga akasema: "Doa la uzee si maradhi. Mwenyezi Mungu katika aya ya 68 ya Sura Yaasin ametueleza kwamba anayempa umri mrefu humrejeza nyuma katika umbo lake. Basi doa hilo ni kazi yake Mola, na kulitibu ni kushindana naye." Pingamizi hii ina nguvu, na jawabu yake ni Hadithi ya Usama bin Sharik, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Mabedui walimuuliza Mtume S.A.W. kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawaeleza kwamba hakuna maradhi yasiyokuwa na dawa ila moja tu, nayo ni ukongwe. Hadithi hii imetupa mambo mawili kwa pamoja. Imetuamrisha kutafuta dawa, na imetukatia tamaa ya kuufuta uzee. Mzee wa miaka sabini ana magoti yanayouma, macho yenye ukungu na meno yanayotikisika. Yote hayo ameletewa na umri, na hakuna mwanachuoni aliyemwambia asiyatibu kwa sababu ni kazi ya Mola. Atatibu hiki na kile, na uzee wake utabaki pale pale. Kwa hiyo anayetibu doa huku akijua kwamba anatibu doa hana makosa. Anayetibu doa kwa kudhani kwamba anaukimbia uzee, huyo amepoteza wakati wake, kwani mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Hata hivyo uhalali huu una masharti, nasi twayaona matatu: kusiwe na madhara, kusiwe na udanganyifu, na kusiwe na israfu. Sharti la kwanza ndilo linalovunjwa zaidi katika miji yetu.

Mwenyezi Mungu ametukataza katika aya ya 195 ya Sura Al-Baqara tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizo. Sasa tazama yaliyomo ndani ya makopo. Baadhi ya mafuta ya kung'arisha yametiwa zebaki, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Zebaki hiyo hupenya ngozini, ikaingia katika damu na kuyafikia mafigo. Jambo hili si uvumi, wala halikutokea nchi za mbali. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 watu wazima wenye maradhi ya mafigo ambayo huufanya mwili uvimbe na protini ya damu ipotee kwa njia ya mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Wala dhara haimkomei mwenye kupaka. Zebaki hushika katika taulo na shuka na hupaa hewani, ikamfikia mume, na mtoto anyonyaye.

Dawa ya pili ni haidrokwinoni. Hii madaktari huitumia kwa mabaka maalumu, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, huku wakimtazama mgonjwa. Anayejipaka mwenyewe miaka nenda miaka rudi hupatwa na maradhi yaitwayo okronosisi, ambayo Findlay na wenzake waliyaeleza Afrika Kusini mwaka 1975: ngozi hugeuka ya rangi ya samawi iliyochanganyika na weusi, ikawa nene na yenye vijipele, na kuiponya ni vigumu mno. Aliyeukimbia weusi kidogo ameangukia weusi ambao hautoki. Afrika Kusini iliipiga marufuku dawa hiyo katika vipodozi mwaka 1990.

Ya tatu ni steroidi, nayo ni dawa yenye nguvu ya kutuliza uvimbe na muwasho, ambayo wafanya biashara huichanganya kwa siri kwa kuwa hung'arisha upesi. Ikitumiwa kwa muda mrefu hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, huzalisha chunusi na michirizi isiyofutika, na ikiingia mwilini kwa wingi huweza kupandisha sukari na kudhoofisha tezi za mwili.

Serikali ya Kenya, kwa njia ya shirika lake la viwango, KEBS, imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Na katika Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliofikiwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, mataifa yaliafikiana mwaka 2023 kwamba kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kisitengenezwe wala kisipitishwe mipakani baada ya mwaka 2025. Lakini sharia za serikali hazifiki katika kila mkoba unaoshuka gatini. Kwa hiyo mnunuzi naye awe na macho. Kopo likiwa limeandikwa mercury, mercurio, calomel au herufi Hg, aliache. Likionya kwamba dawa isigusane na dhahabu, fedha au mpira, aliache, kwa kuwa onyo hilo ni alama ya zebaki. Likiwa halina jina la mtengenezaji wala orodha ya vitu vilivyomo, pia aliache. Kitu kinachoharibu bangili hakifai kupakwa mkono uliovaa bangili hiyo.

Na hapa tuna neno na wafanya biashara ndugu zetu. Mtume S.A.W. alipita sokoni akatia mkono wake katika chakula kilichokuwa kikiuzwa, akakuta chini ni maji maji na juu ni kikavu, akamkana kila mwenye kughushi. Ikiwa hiyo ndiyo hukumu ya nafaka iliyolowa mvua, ni ipi hukumu ya anayeuza sumu kwa jina la uzuri? Tena imepokewa kwamba mtu anayetibu watu na hali hajulikani kwa ujuzi wa utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Basi muuza duka anayemwambia mteja "Paka hii asubuhi na jioni" amejibebesha dhamana ambayo ataulizwa siku ambayo hapana wakili.

Lakini tusiwalaumu wauzaji peke yao, kwani muuzaji hufuata soko, na soko limejengwa na maneno yetu. Nani aliyemfundisha mwanamke wa Kiislamu kwamba weupe ni uzuri na weusi ni msiba? Ni sisi, tunaposema mbele ya binti zetu kwamba fulani amepata mke mweupe kana kwamba amepata cheo. Ni sisi wanaume, tunapowasifu wanawake wa kwenye picha mbele ya wake zetu, kisha mke akijiunguza tukamcheka kwa upumbavu wake. Aya ya 22 ya Sura Ar-Rum imezitaja tafauti za rangi zetu pamoja na kuumbwa mbingu na ardhi, zote zikawa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Na katika khutba ya kuaga, kama alivyoipokea Imam Ahmad, Mtume S.A.W. aliondoa ubora wa mweupe juu ya mweusi na wa mweusi juu ya mweupe, ila kwa uchamungu. Twaisoma khutba hii kila mara, kisha twatoka msikitini na kuuliza mchumba ni wa rangi gani.

Kadhalika tumeanza kuuonea haya uzee. Zamani katika miji yetu mzee alikuwa ni mtu wa kutangulizwa barazani, na mikono yake yenye madoa na makunyanzi ilibusiwa na wajukuu. Mtume S.A.W. amemkana asiyemhishimu mkubwa wetu. Ikiwa twataka mama zetu wasiuze afya yao kwa kopo la mafuta, basi na tuwape hishima ambayo haihitaji kununuliwa kwa uso.

Na lipo jambo moja la ajabu. Doa la mkono twalionea haya, na doa la paji la uso linalotokana na kusujudu twajivunia. Hata wako vijana wanaolisugua paji juu ya mkeka ili lipate weusi. Alama iliyotajwa katika aya ya 29 ya Sura Al-Fath, Mujahid na wengineo miongoni mwa wafasiri wa kale wameifasiri kuwa ni unyenyekevu. Weusi wa paji ni ngozi iliyokuwa nene kwa kusuguliwa. Humtoka mchamungu, na humtoka mwenye ria. Ngozi haikuwekwa kuwa cheti cha dini ya mtu, wala cheti cha thamani yake.

Sasa tutaje la kufaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa jambo hili ni jua. Mokowe iko daraja mbili na kitu tu kusini ya Ikweta, na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, katika mwezi wa Machi na mwisho wa Septemba. Shirika la Afya la Dunia hupima ukali wa miale ya jua kwa hisabu ambayo ikifika 11 huitwa ya kupita kiasi, nasi adhuhuri zetu huipita mara nyingi. Manahodha na utingo wa mashua zinazovuka kwenda Amu, wachukuzi wa gatini, wavuvi, wakata mikoko, waendesha pikipiki, na mafundi waliojenga bandari ya Kililana, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2021, wote hao hupigwa na jua mara mbili: linaloshuka kutoka mbinguni na linalorudishwa na mchanga na povu la bahari.

Wataalamu hutoa kanuni nyepesi: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua ni kali, jikinge. Muislamu hahitaji kufundishwa kutazama kivuli. Wakati wa Alasiri katika madhehebu yetu huingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na kitu chenyewe, baada ya kuondoa kivuli cha adhuhuri. Kwa hiyo saa za khatari ni kuanzia baada ya sala ya Dhuha kupita kiasi cha saa tatu na kitu asubuhi mpaka Alasiri ikaribiapo. Kazi inayoweza kufanywa kabla au baada ya muda huo na ifanywe. Isiyoweza, basi mtu avae nguo ya mikono mirefu, na chepeo pana au kilemba kinachofunika masikio na shingo. Stara tuliyoamrishwa ina faida kwa ngozi pia, kwa mwanamume na kwa mwanamke.

Mwenye uwezo atumie mafuta ya kukinga jua, yenye alama ya SPF 30 au zaidi, ayapake pale pasipofunikwa na nguo, na ayarejee kila baada ya saa mbili au akitota maji. Na kwa kuwa suali hili huulizwa: mafuta ambayo hayaachi tabaka la kuzuia maji yasifike ngozini hayabatilishi udhu, ama mafuta mazito mfano wa chokaa na yaoshwe kwanza, kisha baada ya sala yapakwe tena. Wala kupaka mafuta juu ya ngozi hakufunguzi saumu.

Wanaostahiki zaidi mafuta haya ni ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, maalbino, ambao hawakupewa ule mwavuli wa melanini. Kwao doa si jambo la uzuri; ni mlango wa saratani iwezayo kuwaua kabla ya uzee. Huko Moshi, Tanzania, katika chuo cha maradhi ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, hutengenezwa kwa ajili yao mafuta yaitwayo Kilisun. Lau sehemu ya sadaka zetu ingenunua mafuta ya jua na kofia kwa watoto hawa, thawabu yake twaitaraji kuwa kubwa.

Ama tiba, mlango wake ni daktari. Awe wa Lamu, katika hospitali ya King Fahd, au wa mahali pengine atakapoelekezwa mgonjwa. Ziko dawa za kupaka zinazofifiza madoa kwa miezi, na baadhi yake hazimfai mwanamke mwenye mimba. Iko leza, na iko tiba ya kugandisha kwa baridi kali. Lakini tiba hizi katika ngozi nyeusi zahitaji mkono wa mjuzi, kwani baridi huua chembe za rangi ikaacha baka jeupe, na moto wa leza huweza kuacha weusi uliozidi. Na tiba yoyote isiyofuatana na kujikinga na jua ni kuteka maji kwa pakacha, maana doa litarejea. Aliyeambiwa na daktari kwamba doa lake halina dhara, akaliacha na kuridhika nalo, huyo naye amefanya vyema, na fedha yake imebaki mfukoni.

Lakini kuna madoa yasiyofaa kuachwa. Doa lenye nusu mbili zisizofanana, kingo zilizochongoka ovyo, rangi nyingi ndani yake, upana uliozidi milimita sita, au linalobadilika, kukua, kutoka damu au kuwa kidonda kisichopona, hilo lipelekwe hospitali upesi. Na sisi weusi tutazame mahali ambapo hatupatazami: nyayo, viganja na chini ya kucha, kwani saratani ya ngozi iitwayo melanoma hututokea zaidi huko. Mwimbaji wa Jamaika, Bob Marley, aliuawa na maradhi hayo mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, na yalianza chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Anayetawadha mara tano kwa siku, akapitisha vidole baina ya vidole vya miguu yake, amepewa kila siku nafasi tano za kuuona mwili wake. Basi na autazame.

Neno la mwisho ni kwa walimu na wazazi. Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihyaa aliuhisabu utabibu kuwa ni faradhi ya kutosheleza, na akawalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika ilimu za kuwapatia vyeo, hali miji mingi haina tabibu Muislamu. Karne tisa zimepita na lawama yake ingali yatuhusu. Mji ambao hauna wa kuwajuza watu baina ya doa la jua na doa la saratani umebeba dhambi ya pamoja, mpaka wasimame miongoni mwao wa kuiondoa. Tuwasomeshe wana wetu, wa kike na wa kiume, wawe madaktari na wauguzi, na hilo tulihisabu kuwa ni ibada.

Kwa ufupi, jawabu ya darsa letu ni hii: kulitibu doa lililozuka ni halali kwa masharti tuliyoyataja, kuichubua rangi ya asili si halali, kujitia sumu ni haramu kwa mwenye kupaka na kwa mwenye kuuza, na kujikinga na jua ni katika kuhifadhi amana ya mwili. Na doa likikataa kuondoka, basi mwenye nalo alijue kuwa ni hisabu ya siku alizopewa kuishi chini ya jua la Mola wake, na ajiulize amezitumia katika nini.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo zetu kabla ya nyuso zetu, awape afya wagonjwa wetu na hishima wazee wetu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.